Shibiri ya Mama

Karakana ya Majiko,
Nyuma ya Soko la Mbao.
Alhamisi, mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na uwagawie wenzako wa bwenini kadiri zitakavyotosha, ila yule anayeazima sabuni yako bila kuirudisha mruke. Natumai mgongo umepoa na kwamba umeshanunua vile viatu vizito ulivyoniahidi, ingawa ahadi zako za viatu nazijua tangu tukiwa watoto. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, ila sauti imekauka kwa vumbi la bati na kwa kubishana na Mjomba. Mjomba naye ni mzima kupita kiasi. Bado anagonga bati kama analidai, na bado anasema hakuna fundi aliyezaliwa baada yake.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu inataka jibu papo hapo, na mtu akitakiwa kujibu papo hapo husema lililo karibu na mdomo. Mimi leo nina jambo lililo mbali na mdomo. Tena simu za kwetu unazijua, ukimpigia mmoja wanasikia wote. Kwa hiyo nimempa barua hii mwenzako wa kiwandani aliyekuja likizo, pamoja na kifurushi kidogo. Kifurushi usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua umeshakifungua, lakini nimetimiza wajibu wangu wa kukukataza. Naomba usome kwa mpangilio nilioandika, usikimbilie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

Katika mazungumzo yetu ya mwisho uliniambia mambo mawili ambayo sikuyajibu vizuri. Kwanza, kwamba mkataba wako unakwisha, wamekuletea mwingine wa miaka miwili, na unatakiwa kutia saini mwisho wa mwezi. Pili, kwamba mkeo siku hizi majibu yake ni mafupi kama risiti, na hujui umemkosea nini. Nilikuambia labda ni kazi nyingi. Nilikuwa sijui lolote wakati ule, naomba uniamini. Sasa najua, na yote mawili nitayafikia.

Nianze na la heri. Yule mama mwenye duka la jumla la vyombo, aliyekukatalia zamani akisema majiko yetu yanafanana na ndoo zilizopigwa teke, alikuja mwenyewe karakana. Alikaa kwenye gogo la Mjomba bila kukaribishwa, akainua jiko, akaligeuza, akaligonga kwa pete yake na kusikiliza. Kisha akasema anataka majiko mwaka mzima, si kama sasa ambapo tunayajaza maduka ya wengine wakati wa jua na kuyaacha matupu wakati wa mvua. Akataka na jambo jingine, vyungu vya ndani vya akiba. Alisema mteja ambaye chungu chake kimepasuka asilazimike kutupa jiko zima. Aje dukani, anunue chungu tu, aende nacho nyumbani akakitumbukize ndani ya ganda lake la bati, na kikae bila kusukumwa wala kugongwa nyundo. Mjomba alicheka na kumwambia kwamba hata mume na mke hawakai hivyo. Yule mama hakucheka. Alisema akilipata hilo kabla masika hayajaisha atachukua kila tunachotengeneza, na asipolipata ataagiza majiko ya kiwandani yanayokuja kwa meli, na hapo sisi na wafinyanzi wa kule juu mlimani kwa Mama tutatafuta kazi nyingine.

Unanijua. Mimi niliyehesabu maboksi ya watu ghalani mpaka nikayaota, maneno yale niliyapokea kama posa. Nilichukua mifuko mitupu ya saruji, nikaipasua, nikaibandika ukutani na kuanza kuchora njia nzima ya jiko, kuanzia shimo la udongo kule juu mpaka jikoni kwa mtu. Kwenye kazi yangu ya zamani njia hiyo tuliiita mnyororo wa ugavi. Nilipomweleza Mama kwa simu, aliuliza mnyororo huo ni wa kumfungia nani.

Nilimwambia haumfungi mtu. Nilimweleza kwamba udongo utachimbwa kiangazi na kuhifadhiwa, ili mvua ikinyesha wanawake wa kikundi chake cha ufinyanzi wasikae bure. Kwamba tutajenga banda la kukaushia lenye chanja, maana shida ya masika si kufinyanga, ni kukausha. Kwamba lori la mbao, ambalo hupanda mlima likiwa tupu, litapeleka magunia ya maranda kutoka hapa sokoni, na likishuka na mbao vyungu vitakaa juu ya mbao vikiwa vimefukiwa ndani ya maranda hayo. Mpaka hapo tulikuwa tukifungia vyungu kwa majani makavu, na dereva alizoea kunikabidhi kilichobaki kwa uso wa mtu anayeleta habari za msiba. Kwa maranda havikuvunjika tena hata kama njia ni mbovu. Nilijiona nimefika. Mafundi wakaanza kuniita lile jina mlilonibandika zamani wewe na Mjomba, Bi Ratiba, na safari hii sikukasirika.

Halafu majiko yakaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa muuza chai wa pale kona, aliyelileta lake akilalamika kwamba kila akikoroga linamjibu. Nilishika chungu cha ndani nikakitikisa, kweli kilikuwa kinacheza ndani ya ganda. Mjomba alikisikiliza akasema ni jino la mzee, halijang'oka lakini mfupa usilitafunie. Akaongeza saruji kuziba pengo, na baada ya muda mfupi saruji yenyewe ikapasuka kwa moto. Akaja mwingine, na mwingine. Vile vyungu vya akiba ambavyo vilikuwa roho ya mpango wote vilikuwa vinadumbukia kama jiwe kwenye ndoo.

Unakumbuka vizuri kuliko mimi jinsi kipimo kilivyoanza. Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza kujifunza kazi kwa Mjomba, Mama akafinyanga chungu cha kwanza cha jiko, na mkawa mnategeana nani apime. Mama akakuambia yeye hana rula, ana mkono. Akatandaza kiganja juu ya bati, nawe ukakwaruza kwa msumari pale ncha ya kidole gumba ilipogusa na pale ncha ya kidole cha mwisho ilipogusa, kisha ukakata. Kipande hicho bado kinaning'inia juu ya meza ya Mjomba, kimeshika mafuta na masizi, na kila ganda linalotoka hapa hukatwa kwa kukifuata. Kule juu nako hakuna rula mpaka leo. Mdomo wa chungu ni shibiri ya Mama, na upana wa kidole huongezwa kwa ajili ya kunywea kwa udongo. Wanawake wengine wote hupitisha vyungu vyao mbele yake avipime vingali vibichi. Miaka yote hii ganda la huku na chungu cha kule vimekutana vizuri kwa sababu vyote viwili vilitoka kwenye mkono mmoja. Tulikuwa tumezoea, hatukuona cha ajabu.

Basi nikaanza kutafuta mchawi. Nilianza na udongo, nikadhani shimo jipya lina udongo unaonywea zaidi, nikawaagiza warudi kwenye shimo la zamani. Wakarudi, vyungu vikaja vilevile. Nikashuku ukaushaji, nikawaambia wasiviharakishe. Vikaja vilevile, tena vimechelewa. Nikamshuku Mjomba. Nilimwambia huenda macho yake yanahitaji miwani, na kwa neno hilo tukanuniana kiasi kwamba kila nilichotaka kumwambia nilimwambia fundi rangi, naye fundi rangi akamfikishia, ingawa sote watatu tulikuwa tumekaa kwenye benchi moja. Mwishowe nilivipima vyungu vyenyewe kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vidogo, na vyote kwa kadiri ileile, upana wa kidole hivi. Hapo ndipo machale yangenicheza, kama ningeyapa nafasi. Udongo mbaya hukosea ovyo, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Hivi vilikosea kwa adabu. Lakini mimi sikufikiria mkono wa mtu. Nilifikiri wanawake wa kule wameamua kutupunja udongo.

Nakuandikia hili kwa aibu. Nilikasirika, na nikikasirika mimi huwa napanga. Nilikwenda kwenye kiwanda cha matofali cha upande wa pili wa mji, nikaonyeshwa kalibu ya chuma inayotoa vyungu kama mapacha. Nikarudi, nikabandika mfuko mwingine wa saruji ukutani na kuchora njia mpya. Ilikuwa fupi na nzuri kuitazama. Kule juu hakukuwemo. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, tukiwa bado tumenuniana, na kwa mara ya kwanza hakumtumia fundi rangi. Alisema hilo nisimwambie dada yake kwa simu, wala nisimtume dereva wa lori. Nipande nikamwambie nikiwa nimekaa mbele yake.

Nilipanda Jumamosi, wiki tatu zilizopita. Kipande chetu cha bati nilikiondoa kwenye msumari nikakifunga ndani ya kanga, ili kiwe ushahidi. Mkeo alitoka kunipokea akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko, akanikumbatia kwa mabega tu ili asinichafue, na macho yake yakawa yanatazama pembeni. Wanawake wa kikundi walikuwepo wote uani na walikuwa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kikundi kianze. Mama alikuwa amekaa barazani, amejifunika shuka bega la kulia na jua linawaka. Alinisalimu kwa furaha, akauliza habari za Mjomba, akauliza kama yule fundi rangi ameoa, akauliza viatu vyangu nimevipata wapi. Hakunipa nafasi ya kupumua. Nilidhani ameshasikia ninachokwenda kusema na ananizibia njia.

Nilipopata upenyo sikuweza kusema habari za kiwanda cha matofali. Nilitoa kile kipande cha bati, nikakiweka mapajani pake, nikamwomba aweke mkono wake juu yake, ili tujue kosa liko kwenye bati au kwenye udongo. Mama alisema mkono wake umefanya kazi ya kutosha, nikawasumbue wenye mikono mipya. Wote wakacheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Nami nikashupaa. Nilimwambia nimetoka mbali kwa ajili ya shibiri moja tu, na sitaondoka bila kuiona. Mama akatazama mlango.

Ndipo mkeo akafuta mikono kwenye kitambaa, akaja akapiga magoti mbele ya Mama, akatandaza kiganja chake juu ya lile bati. Kidole gumba kilifika. Kidole cha mwisho hakikufika. Alikinyoosha mpaka ngozi ikavutika, lakini pengo lilibaki, upana wa kidole hivi. Pengo lile nililijua, nilikuwa nalipima wiki nzima.

Kaka, sasa nafika pale nilipokuwa nikizunguka. Mama alipatwa na kiharusi mwishoni mwa kiangazi. Aliamka, akataka kuinua birika, mkono wa kulia ukawa haumsikii. Mguu pia ulilegea lakini umerudi kiasi, anatembea kwa kujishika ukutani. Mdomo ulipinda ukarudi upesi, ndiyo maana kwenye simu unamsikia ni yuleyule na kicheko ni kilekile. Mkono bado. Muuguzi wa zahanati anampa dawa za shinikizo la damu na amemwonyesha mkeo namna ya kuukanda na kuunyoosha kila asubuhi. Anasema unaweza kurudi, unaweza usirudi, na kwamba la muhimu ni dawa zisikatike. Zimefuatwa tangu lini, na nani anazifuata kwa miguu, hayo nitakuachia uyafikirie mwenyewe.

Mama aliwaapisha wote, mkeo, kikundi, na hata muuguzi ambaye kwa kazi yake alikuwa ameshaapa tayari. Aliniambia sababu zake bila kunificha, baada ya kulivua lile shuka kwa mkono wa kushoto. Alisema wewe ukisikia utaitupa kalamu na kupanda gari la kwanza, na miaka yako yote ya jasho itakuwa imeishia kwenye kumshikia mtu kikombe. Alisema mimi nikisikia nitamwondoa kwenye udongo na kumwandika ukutani kama mgonjwa, na kumchorea mishale. Yeye hataki kuchorewa mishale. Nilitaka kukana, nikakumbuka kilichokuwa ukutani wakati ule. Wahenga wana methali juu ya mtu anayeficha ugonjwa. Sitaiandika, mwisho wake unaujua, na siutaki kwenye barua hii.

Mkeo usimlaumu hata kidogo. Tangu siku ile yeye ndiye amekuwa akifinyanga mahali pa Mama na kupima vyungu vya kikundi kizima, Mama akiwa amekaa nyuma yake akimwelekeza kwa maneno. Mama alimwambia apime shibiri moja na kidole. Naye akapima shibiri moja na kidole, kwa uaminifu wote, kwa mkono wake ambao wewe mwenyewe ulikuwa ukiutania kwamba ni wa mwanasesere. Hakuna aliyefikiri kwamba shibiri zinatofautiana, maana pale uani kwa miaka yote shibiri ilikuwa moja tu. Hata Mama hakufikiri. Mimi nilikuwa huku nabadilisha mashimo ya udongo. Nilipomuuliza mkeo kuhusu yale majibu yake mafupi, aliinama akasema kila akianza sentensi ndefu anaona inaelekea kwenye mkono wa Mama, kwa hiyo anaikata.

Kabla sijalala Mama aliniapisha na mimi. Nisikuambie lolote mpaka utie saini. Niliitikia kwa kichwa, na sasa unaona nilivyokitunza kiapo.

Lakini nikikuachia hapo nitakuwa nimekueleza siri za wengine na kuficha yangu. Nilipokuwa nashuka na lori, nimekaa juu ya mbao kati ya magunia ya maranda, nilijikuta nimefurahi kwamba nimeapishwa. Nilishtuka, nikajiuliza furaha hii ni ya nini. Jibu lilikuwa ukutani karakana. Katika ile njia ya kwanza niliyoichora, kati ya banda la kukaushia na shehena ya bati, kuna kisanduku nimeandika ndani yake neno moja, Kaka. Bati la kununuliwa mapema na paa la banda vyote vinategemea unachotuma, na nilikuwa nimekuhesabu kwa miaka miwili kabla wewe hujaamua hata siku moja. Ukirudi, kisanduku kinabaki kitupu. Kwa hiyo Mama alinyamaza ili usipoteze kazi yako, na mimi nilikuwa tayari kunyamaza ili nisipoteze mpango wangu, na kwa nje ukimya wetu ungefanana. Nilimkasirikia Mama kwa kuogopa kuandikwa ukutani, kumbe wewe nilishakuandika siku nyingi. Naomba radhi, Kaka. Kisanduku nimekifuta. Nimekwenda kwa yule mama wa duka la jumla, nikamweleza kwamba huenda tukahitaji atutangulizie bati. Aligonga meza kwa pete yake akasema atafikiria. Anaweza kukataa.

Lipo jambo moja la asubuhi ya Jumapili, kabla sijapanda lori, ambalo nimelihifadhi kwa ajili yako. Nilimwomba Mama mkono kwa mara nyingine, safari hii si kwa ushahidi. Hakubisha. Mkeo alipasha maji, akaloweka mkono ule, akaukanda kuanzia begani, kisha akaufungua vidole kimoja kimoja bila haraka, akaulaza juu ya bati lako. Mimi nilishika bati lisiteleze. Kidole gumba kikagusa mkwaruzo wa huku. Kidole cha mwisho kikagusa mkwaruzo wa kule. Havikupungua hata kiasi cha ukucha. Mama aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mgeni aliyeingia bila hodi, kisha akasema alidhani nao umenywea. Akalia. Sijawahi kumwona akilia mbele ya kikundi. Alipomaliza alimkaripia mkeo kwamba chungu kinakauka na yeye amekaa anatazama vidole vya watu.

Palepale uani nilikata vipande vya bati chakavu kwa kufuata kile cha zamani, kimoja kwa kila mfinyanzi. Mama ndiye aliyekuwa akivikagua, akivipitisha kimoja kimoja juu ya kiganja chake kilicholala. Vyungu vya kwanza vilivyopimwa kwa vipande hivyo vimekauka kwenye chanja mpya chini ya turubai, vimechomwa, na vilishuka juzi. Mjomba alidumbukiza kimoja ndani ya ganda bila saruji, akalipindua jiko juu chini na kulitikisa sikioni. Halikujibu. Akamtuma fundi rangi aniambie kwamba miwani atanunua. Ile njia fupi ya kiwanda cha matofali nimeichana. Karatasi yake nimewashia jiko.

Kifurushi basi, kama bado hujakifungua. Ni kipande cha bati, shibiri moja. Nimekusugulia kingo kisikukate. Sikuambii urudi, wala sikuambii utie saini. Nimekwisha kukupangia vya kutosha bila kukuuliza. Ukibaki, banda litapata paa na dawa hazitakatika, na sisi tutamtazama Mama kwa macho yako na yetu. Ukirudi, bati tutalitafuta, na mkeo atapata wa kupokezana naye zile asubuhi za kukanda. Kila upande una uzito wake, na mwenye kuupima ni wewe. Nilichokataa ni wewe kuamua kwa kipimo ambacho wengine wamekipunguza.

Wasalimie wote hapo, na yule wa sabuni msalimie pia, nimemsamehe. Mjomba anakusalimu na kukuuliza kama huko mnakata bati kwa mashine, na kama ni hivyo anasema pole. Mkeo anakusalimu kwa maneno mengi. Aliniachia hayo nikuletee, nami nimeyaacha kwake, akuambie mwenyewe sasa kwa kuwa hana tena cha kukata.

Mama hajui kwamba nimeandika. Jumapili ukipiga simu atakuuliza kwanza kama umetia saini, kisha atacheka kabla hujamjibu, kama kawaida yake. Mwache acheke mpaka amalize. Ndipo umuulize mkono.

Ni mimi mdogo wako, ambaye safari hii hana ratiba yoyote,

Bi Ratiba